Meno Mawili ya Shemeji Dauda

Meno mawili ya mbele ya Dauda niliyang'oa mimi, kwa mchi wa mama yangu, Jumapili alasiri, majirani wakitazama. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Gisenyi wakimsimulia Dauda huanza na pengo lake, kisha hucheka, kisha husema alilipata kwa ulevi. Dauda hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Anayebisha aje kwangu, mchi bado ninao.

Alikuwa mume wa dada yangu Saidati, na boyi wa meza katika hoteli ya Wazungu pale ufukweni mwa ziwa, mwaka wa hamsini na nne. Mimi nilikuwa dobi wa hoteli hiyohiyo. Shuka, vitambaa vya meza, suruali nyeupe za wageni, vyote vilipita chini ya pasi yangu ya makaa. Yeye alizaliwa Ujiji akaja kwetu akiwa mtu mzima, mrefu, mpole, Kiswahili chake cha kunyooka. Mimi nimezaliwa Gisenyi, na hasira zangu zote ni za hapahapa.

Kazi ya Dauda ilikuwa kubeba sahani, lakini sifa yake ilikuwa nyingine. Wazungu walitoka Bukavu na mbali zaidi kuja kupumzika, na ikifika siku ya pili wamechoka kupumzika, wanamwita Dauda awaambie waende wapi. Naye alijua. Jumamosi asubuhi aliwatuma kuwaona wavuvi wakivuta wavu kwa nyimbo. Jumamosi jioni aliwaelekeza kilimani wakautazame mlima wa moto ukiwaka mwekundu upande wa Kongo. Waliotaka kucheka aliwaambia wasubiri Jumapili wapishi na watunza bustani wacheze mpira mchangani, timu ya misa ya kwanza na timu ya misa ya pili, sisi Waislamu tukigawanywa kuziba nafasi za waliokuwa wamezidiwa na pombe. Mpira wenyewe ulikuwa nusu saa. Kilichobaki kilikuwa ngumi, na kuna Wazungu waliokuja kwa ajili ya ngumi tu.

Sisi ngumi tulikuwa nazo za kutosha wiki nzima. Patroni, yaani Mzungu mwenye hoteli, alitembea na rundo la funguo lililofungwa kwa kamba, akilizungusha kidoleni, na chochote kilichomuudhi alikijibu kwa funguo. Phocas, mpishi, sikio lake la kulia halikusikia tena tangu siku mchuzi ulipoungua. Mimi nina kovu hapa juu ya nyusi. Tukitoka pale Jumamosi, tunakwenda kumtafuta wa kumpiga. Sisemi uongo. Mimi nilikuwa wa kwanza kutafuta.

Dauda hakupiga mtu. Wala hakuwahi kupumzika Jumapili hata moja. Aliwatuma wageni Nyamyumba kwenye maji ya moto, akawaeleza jinsi ya kuchemsha mayai ndani ya chemchemi na kuyala na chumvi, ungedhani ameyala mara mia. Hajawahi kufika.

Basi, Jumamosi moja wakaja Mzungu na mke wake kutoka Bukavu. Madamu akataka Nyamyumba kesho yake, akataka Dauda mwenyewe awapeleke, na akataka mwanamke wa kubeba kikapu na kumshika mkono kwenye mawe. Dauda akamtaja Saidati. Patroni akakubali kwa sababu Mzungu yule alikuwa mkubwa wa kitu fulani. Dauda akaja mbio kwenye chumba changu cha pasi, glavu nyeupe mkononi, meno yote nje.

"Shemeji! Kesho mimi na Saidati tunapanda motokaa!"

Walikuwa na miaka minne ya ndoa na hawajawahi kutoka pamoja isipokuwa kwenda misibani. Nilimcheka. Nikamwambia ajifunze kuketi kwenye motokaa asije akaketi chini.

Dirisha langu lilitazama ua wa jiko. Pale uani alikuwa amesimama Sebahire, mvuvi wa Nyamyumba aliyeleta samaki kila Jumamosi. Kengele ya meza ikalia. Dauda, mguu mmoja tayari kwenye korido, akaniambia, "Kadiri, hebu muulize Sebahire kama kule kwao ni salama."

Nikamuuliza. Sebahire akanijibu kwa Kiswahili chake cha ziwani: "Ejo iko vita ku maji ya moto. Bale batu balikata nyavu zetu. Iko vita mubaya, Kadiri."

Sasa nisikilize vizuri. *Ejo* kwa Kinyarwanda ni jana, na ejo hiyohiyo ni kesho. Mtu akisema Kinyarwanda chenyewe hukosei, kwa sababu kitenzi kinakueleza kama jambo limepita au linakuja. Lakini Sebahire hakusema Kinyarwanda. Alisema "iko", na "iko" yetu ya Gisenyi haina jana wala kesho. Mimi mtoto wa hapa, tena ninayejivunia kwamba Kinyarwanda nakijua kuliko shemeji yangu wa Ujiji, nilitakiwa niulize neno moja tu: ejo gani?

Sikuuliza. Kiuno cha suruali ya patroni mwenyewe kilikuwa kinaanza kubadilika rangi chini ya pasi, na mimi nilikuwa naziwaza funguo. Nikageuza kichwa nikamwambia Dauda, "Anasema jana walipigana."

Akasita. "Na sasa?"

"Imekwisha," nikasema.

Hilo la mwisho Sebahire hakulisema. Ni langu, nililipika mwenyewe pale pale ili Dauda aondoke mlangoni.

Yaliyotokea Jumapili nimeyapata kwa Sebahire na kwa Dauda, kila mmoja kwa upande wake, na hayapingani. Walifika saa nne asubuhi. Madamu alivua viatu, Saidati akamshika mkono, mayai yakatumbukizwa. Dada yangu alikuwa amevaa kanga mpya na alikuwa anacheka. Dauda alisema hakuwahi kumwona akicheka vile, na mimi nikikumbuka hivyo huwa natoka nje.

Mitumbwi sita ikatokea kwenye kona ya ufuko. Hao ndio waliokata nyavu, wamekuja kumaliza. Watu wa Sebahire walikuwa wamelala nyuma ya mawe wakiwangoja. Hakukuwa na matusi wala maneno. Mtu wa kwanza kushuka kwenye mtumbwi alipigwa panga la bega kabla mguu wake haujatoka majini. Wa pili alipigwa jiwe, akaangukia kwenye chemchemi, na Sebahire anasema yule mtu alilia kwa sauti ambayo hajaisikia kwa mnyama yeyote. Kisha wote wakachanganyika, makasia, mapanga, mikuki ya samaki, meno. Mtu alimng'ata mwenzake sikio akalitema.

Mzungu alimnyanyua mke wake, akamtupa ndani ya motokaa, akaondoka. Viatu vya madamu vilibaki juu ya jiwe. Dauda alikimbia nyuma ya motokaa ile akipiga bati kwa mikono yote miwili, "Bwana! Bwana! Mke wangu!" Bwana hakugeuka. Dauda aliporudi, Saidati alikuwa amejibanza kwenye mwamba, kikapu bado mkononi, na mtu aliyerusha kasia kumpiga mwingine akamkosa, akampata yeye. Ubapa wa kasia ulimvunja taya. Ncha yake ikaingia jicho la kushoto.

Dauda alimlalia juu. Ndipo Sebahire alipowaona, mwenyewe kichwa kimepasuka, damu inamwingia machoni, akapiga kelele: "Dauda! Si mi nilisema ejo? Si nilisema ejo? We unakuja kufanya nini huku?"

Dauda alielewa hapohapo. Alielewa Saidati akiwa chini yake anatokwa damu. Alimbeba mgongoni kutoka Nyamyumba hadi mjini, jua la utosi, na njia nzima alikuwa anajua ni nani aliyemwambia imekwisha.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa mama, nimekaa kibarazani, nimeshiba. Nikawaona wanakuja. Sikuuliza kitu. Nilimshusha dada yangu, nikamlaza kwenye mkeka, nikauona uso wake, nikaingia jikoni nikatoka na mchi. Dauda alikuwa amepiga magoti, anahema, mikono chini. Nilimpiga mdomoni. Akaanguka. Nikampiga mbavu, nikampiga mgongo, nikimwita mbwa, nikimwambia umempeleka dada yangu kuuawa kwa ajili ya kupanda motokaa. Ilibidi wanaume wanne wanishike. Yeye hakuinua hata kiganja kujikinga. Alitema meno yake mchangani na akaniangalia. Nilidhani ananiangalia kwa aibu.

Jicho la Saidati lilitolewa siku iliyofuata. Jumatatu hiyohiyo patroni alimkaribisha Dauda kazini kwa funguo, kwa sababu wageni wameharibiwa mapumziko yao, wala hakuuliza mwanamke yuko hali gani. Kisha akamtazama mdomo, akasema mdomo ule hauwezi kuinamia meza ya watu wanaokula. Akamtupa kwa madobi. Ndivyo Dauda alivyokuja kufua shuka, hatua mbili kutoka kwenye pasi yangu. Sikumsemesha siku tatu. Nilijiona mwema kwa kutomuua.

Alhamisi Sebahire akaja. Serikali ilikuwa imepeleka askari Nyamyumba, wakawachapa kiboko wa upande huu na wa upande ule bila kuuliza nani alianza. Alitembea miguu imeachana, kichwa kimefungwa kitambaa. Akasimama dirishani kwangu.

"Kadiri," akasema, "mi nilikuambia ejo iko vita. We uliambia Dauda nini?"

Ndipo nilipoijua ejo yake: ilikuwa kesho. Nyuma yangu nilisikia Dauda anakamua shuka, maji yanaanguka kwenye beseni. Hakuacha. Hakukohoa. Nami, Mungu anisamehe, nilinyanyua pasi yenye makaa nikamwambia Sebahire aondoke pale kabla sijamchoma uso. Akaondoka. Sikugeuka nyuma mpaka saa ya kutoka.

Ijumaa baada ya swala tukakusanyika kwa baba mkubwa, aliyetulea mimi na Saidati tangu baba yetu afe. Mzee mkali, bakora haimtoki mkononi. Saidati alikuwa nyuma ya pazia, taya limefungwa, hawezi kutamka neno. Mama analia. Baba mkubwa akasema wazi: mwanamume aliyempeleka mke wake vitani hastahili mke, leo hapa Dauda atatoa talaka, tatu kwa pamoja, tumalize.

"Lakini kwanza niambie," akasema. "Ni nani aliyekuambia kule ni salama?"

Dauda aliangalia mkeka. Midomo yake bado ilikuwa imevimba.

"Hakuna mtu, baba. Ni mimi mwenyewe."

Baba mkubwa alimpiga kofi lililosikika nje. "Mpumbavu! Ulikwenda bila kuuliza?"

"Sikuuliza vizuri, baba."

Nilikuwa nimekaa karibu yake, goti langu linagusa lake. Ulimi wangu ulikuwepo, taya langu zima, meno yangu yote yapo. Nilikuwa najua kwamba nikinyamaza anampoteza dada yangu, na kwamba nikisema nampoteza mimi. Nikanyamaza. Siku hiyo niligundua kwamba mtu anaweza kuwa mwepesi wa ngumi na bado awe mwoga.

"Haya, sema," akasema baba mkubwa. "Sema talaka."

Dauda alifungua mdomo. Pazia likasukumwa. Saidati akatoka, anashika ukuta, akaja mpaka alipo mume wake akamziba mdomo kwa kiganja. Akakibana pale, juu ya vidonda vyake, mpaka damu ikatoka katikati ya vidole. Kisha akageuza uso kwangu na lile jicho moja likaniangalia. Na yeye alikuwa amemsikia Sebahire, pale chini ya mwamba, na tangu Jumamosi usiku Dauda alikuwa amemwambia kwamba aliyemuuliza Sebahire ni mimi. Alikuwa anajua tangu Jumapili.

"Ni mimi," nikasema. "Mi ndiye nilimwambia imekwisha. Sebahire alisema ejo, mi nikasema jana."

Baba mkubwa hakuelewa mara moja. Nikarudia. Nikaeleza mpaka ile pasi, mpaka suruali ya patroni. Alipoelewa alinipiga bakora mpaka ikavunjika, akaendelea na kipande kilichobaki, na hakuna aliyemshika mkono. Nilifurahi. Kila fimbo niliona ni halali yangu, na niliomba nyingine. Nilipoinua kichwa, Dauda alikuwa ameshamrudisha Saidati kitandani. Talaka haikusemwa siku ile wala siku nyingine.

Jumatatu tukarudi wote wawili kwa madobi, mimi siwezi kuinama, yeye hawezi kutafuna. Nikamfuata kwenye beseni.

"Shemeji," nikamwambia, "ng'oa na yangu. Mi nasimama hapa. Chukua hata hiyo pasi."

"Ya nini?"

"Kwa nini hukunitaja? Nilikupiga, ulikuwa unajua, kwa nini hukunitaja?"

Alipangusa mikono kwenye suruali. Kwa lile pengo maneno yake yalikuwa yanatoka na upepo.

"Saidati alikuwa ameshapoteza jicho, Kadiri. Nilidhani kaka angalau angebaki."

Akarudi kwenye shuka zake. Hakunipiga siku ile, na hakunipiga mpaka alipokufa, ingawa nilimpa nafasi nyingi. Saidati yuko hai. Anaongea, taya limekaa upande kidogo lakini anaongea na kila mtu, na nikimtembelea hunipa chai. Zamani aliniita kaka. Sasa huniita Kadiri.