Mama Perpétue na Namba za Nyimbo

Alizaliwa mwaka 1958 katika kilima kimoja cha Muyinga, kaskazini mwa Burundi, akabatizwa Perpétue siku hiyohiyo, kwa kuwa mkunga alidhani hataliona jua la pili. Aliliona, na mengine mengi ambayo ingekuwa heri asiyaone. Vita vya mwaka 1993 vilimchukua mumewe na wanawe, vikamsukuma Tanzania. Akarudi kwao, na machafuko ya mwaka 2015 yakamsukuma tena, safari hii hadi makazi ya Nakivale, Uganda, upande wa Juru. Huko akawa katekista. Kanisa halijamwita mtakatifu, nasi hatulitangulii. Ila waliomjua hawana subira ya maaskofu.

Wito wake ulimjia kwa njia ambayo hakuna padri aliyewahi kuihubiri. Shirika la misaada liliacha kugawa mahindi na maharage, likaanza kutuma fedha kwa simu, ili kila mtu anunue anachohitaji. Wengi walishukuru, maana mahindi yale yalikuwa yakifika pamoja na wadudu wake. Lakini wajane waliojua tarakimu tu, bila herufi, walisahau namba zao za siri kila mwezi. Perpétue akawashauri kila mmoja achague namba ya wimbo anaoupenda katika kitabu cha kanisani, aijazie sifuri mbele. Hawakusahau tena. Hapo ndipo alipokosea, na maisha ya mtakatifu yasiyotaja kosa lake yana harufu ya uongo. Kila jumuiya ilipokutana, kila mjane aliomba wimbo wake uleule, na aliyeutangaza kwa namba mbele ya wote alikuwa Thaddée, kiongozi wa kwaya. Thaddée huyohuyo alikuwa na kibanda cha kuchaji simu kwa umeme wa jua.

Kwaresima ya mwaka 2023 moyo wa Perpétue ulivimba, akalazwa Mbarara, na daktari akamkataza hata kutembea hadi mlangoni. Orpa, mjane kutoka Fizi, Kongo, akaenda kumtazama.

"Mama, Thaddée iko na roho muzuri sana," alisema Orpa. "Amekusanya matelefone yetu yote, anatutilia umeme bure juu ya Kwaresima. Feza itaingia leo mangaribi, yeye atarudisha kesho."

Perpétue alijiinua kitandani. Simu na namba zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, jioni ya fedha kuingia. Ushahidi hakuwa nao. Kuwapigia wajane hakuweza, kwa kuwa simu zao zilikuwa kibandani. Na kama angemtaja Thaddée kwa yeyote, angemuua: mwaka uliotangulia mtu aliyeshukiwa kuiba mbuzi alipigwa na umati hadi kufa kabla hajaulizwa lolote. Hata Orpa hakumwambia. Alitaka wajane wapate chakula, na Thaddée aishi. Akaomba viatu vyake.

"Nyabo, mama yangu, wewe natoka leo, wewe nakufa njiani," alisema muuguzi, Mbabazi.

"Binti yangu, nikikaa hapa kuna mtu atakufa, na watoto watalala njaa."

Yeye na Orpa walipanda gari hadi Kabingo, kisha bodaboda. Jua lilikuwa linashuka. Orpa alimshikilia kwa nyuma akimsihi warudi, maana midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Kila Salamu Maria aliyoianza Perpétue, pumzi ilimkatikia katikati.

Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa ndani, na simu zililia mfululizo kwa ujumbe wa fedha kuingia. Akamtuma Orpa awaite wajane wafuate simu zao, kisha akagonga.

"Thaddée, mwanangu, niko peke yangu. Fungua kabla hawajafika."

Alifungua. Mkononi alikuwa na simu ya Orpa, na fedha zake alikwisha kuzihamisha.

"Nilitaka nauli, Mama. Nitoke fasi hii."

"Utatoka, lakini si kwa njaa ya Orpa. Rudisha."

Alirudisha, huku sauti za wanawake zikikaribia. Walifika, wakaona uso wa Thaddée, wakauliza kuna nini. Neno moja lingetosha kummaliza.

"Kosa ni langu," alisema Perpétue. "Namba nilizowafundisha kila mtu anazijua. Tubadilishe sasa hivi."

Ilikuwa kweli tupu. Aliketi mlangoni, nao wakabadilisha mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alipomaliza, Perpétue aliegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango, akafariki.

Mbabazi huapa hadi leo kwamba moyo ule haungeweza kuvuka hata ua wa hospitali. Wagonjwa wa kifua huenda kusali kaburini pake, na wapo wasemao wamepata nafuu. Lakini mimi nastaajabia jambo jingine. Kwaresima iliyofuata Thaddée, ambaye hakutoroka, alisimama baada ya Misa akasimulia yote. Wanaume wakainuka. Wengine wakaanza kwenda mlangoni, na kila mtu alijua wanafuata nini huko nje. Orpa akawahi.

"Mwezi ule batoto bangu balikula," alisema. "Kuja, ikaa."

Akasogea, akampa nafasi kando yake. Wanaume walibaki wamesimama kitambo, kisha mmoja wao akaketi, na wengine wakamfuata. Anayetaka kumwiga Mama Perpétue asingoje muujiza. Asogee kwenye benchi.