Bomba la Mlango wa Kyakimwa

Mama mkwe wangu Kyakimwa hakunipenda tangu siku nilipomwoa binti yake Orpa, na mimi sikumbembeleza. Alisema fundi mwashi kama mimi hana maana. Nami nilimwona mama mwenye ulimi mkali na shukrani haba. Kwetu Butembo mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe wake, sembuse bafuni. Mwiko huo ulitufaa wote wawili: tulisemezana kupitia Orpa tu, hata tukiwa uani pamoja.

Katika mwaka mmoja wa vita aliteleza bafuni, akaumia nyonga. Kaka yake Orpa, Ézéchias, anayekaa Bungulu kule Beni, akatuma neno: mama akianguka tena atamchukua, na kiwanja cha nyumba yake hapa Vulamba atakiuza. Kyakimwa akaapa kwamba atafia nyumbani kwake. Ikabidi bafu litengenezwe asianguke tena, na fundi wa bure nilikuwa mimi. Nilichukia kazi ile, lakini Ézéchias nilimchukia zaidi.

Orpa alimkalisha mama yake jikoni, ndipo nikaingia bafuni. Nilikwaruza sakafu isiteleze, nikabomoa kizingiti, nikajenga kiti cha matofali. Kilibaki chuma cha kushikilia. Wenye bunduki, basoda tunavyowaita, walikuwa wamefunga barabara, na madukani chuma hakikuwepo; nyumbani kilikuwepo kimoja tu, bomba la kukomea mlango usiku. Kyakimwa akapaza sauti kutoka jikoni:

— Orpa, ambia bwana yako achukue ile bomba ya mulango!

— Na basoda bakikuya usiku, mama?

— Basoda banakuya mara moja-moja. Miye naoga kila siku!

Nikakoroga simenti kwa hasira, nikazamisha ncha zote mbili za bomba ndani ya ukuta. Mlango wa nyumba ukabaki unafungwa kwa kamba.

Simenti haikuwa imemaliza wiki Ézéchias alipofika na lori la rafiki yake. Hakungoja mtu aanguke. Alisukuma mlango, kamba ikakatika. Mama yake akajikokota hadi bafuni, akalishika bomba kwa mikono miwili. Ézéchias akamkamata kiunoni, akaanza kumvuta.

— Achilia, mama! Unataka basoda bakuuwe hapa?

— Hapana! Miye hapana toka!

Orpa alinipigia kelele nije. Nilikimbia, nikafika kwenye mlango wa bafu, nikasimama. Ndani alikuwamo mama mkwe, na miguu yangu ilikataa. Niliiwazia simenti ile mbichi. Hapo Kyakimwa akaliita jina langu kwa mara ya kwanza.

— Kambere! Bomba yako ikitoka, nakukana mbele ya mapadri!

— Haitoki, mama!

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake. Ézéchias alivuta tena na tena, mpaka pumzi ikamwisha. Akamwachia mama yake, akaketi kwenye kiti cha matofali, akaficha uso mikononi. Kyakimwa hakuliachilia bomba. Alimtazama mwanawe bila huruma.

— Simama, utoke, akamwambia. Nataka kuoga.