Spana Iliyoanguka

Tulikuwa wanne bandani asubuhi ile, mwanangu, na wote ninawakumbuka: Fundi Athumani, mkubwa wetu; Bi Zuhura, mtunza vifaa; rubani Joakimu; na mimi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye kiwanja kidogo cha ndege hapa Bagamoyo.

Wazazi wangu walikuwa wametangulia mbele ya haki. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, nikaacha shule darasa la tano nitengeneze baiskeli sokoni, wadogo zangu watatu wapate kula. Fundi Athumani alinitoa huko akanifundisha ndege. Nilikuja na kiburi cha mkono wangu, maana nati ya baiskeli hukazwa mpaka mkono useme basi.

Ndege haiendi hivyo. Kila bolti ina kipimo chake kitabuni, na hukazwa kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza, ambayo nayo hupelekwa Dar kukaguliwa. Ikianguka, haitumiki tena mpaka ikaguliwe upya. Yote hayo niliyajua. Basi siku ile nakaza bolti za pangaboi la ndege ya Joakimu, spana ikaniponyoka, ikapiga sakafu. Nikatazama huku na huku, nikaipangusa, nikaendelea. Mkono uliniambia ni nzima.

Nilipoirudisha, Bi Zuhura akaigeuza. "Kovu hili limetoka wapi?"

"La zamani hilo, Bi Zuhura."

"Haya. Mficha uchi hazai."

Nikawaza: Kazi ikienda, wadogo zangu watakula nini? Kisha nikamwona rubani akipanda ndege, akiweka kitini kifurushi cha visheti vya kuwapelekea wanawe. Mimi yatima, mwanangu. Najua watoto wanavyoutazama mlango ambao baba hatauingia tena. Nikapiga kelele, "Usiwashe! Spana ilianguka!"

Fundi Athumani hakunifokea. Aliniuliza, "Mnyororo wa baiskeli ukikatika, unafanyaje?"

"Ninashuka, ninasukuma."

"Na kule juu utashukia wapi?"

Akatoa spana nyingine, akanisomea kipimo kitabuni mara mbili, tukalegeza bolti zote tukaanza upya. Jua likapanda.

"Jamani, ngoja ngoja huumiza matumbo!" rubani akalalama.

"Acha yaumie," Fundi akamjibu, "mradi uyarudishe nyumbani."

Spana ile ilipokaguliwa Dar, haikuwa na kasoro. Nikacheka, "Kumbe mkono wangu ulisema kweli!" Fundi hakucheka. "Leo ndipo tunajua. Siku ile ulikuwa unabahatisha na roho ya mwenzio."

Baadaye Bi Zuhura alinionyesha ripoti ya siku ile. Penye sababu ya kuchelewa, Fundi alikuwa ameandika kwamba yeye ndiye ambaye hakumsimamia vyema mwanafunzi wake. Karipio la wakubwa likamwendea yeye, na heshima aliyoijenga miaka mingi ikachubuka. Kazi yangu ikabaki. Wadogo zangu wakala.

Kwa hiyo, mwanangu, fuata kitabu hata pasipo mtu wa kukuona, wala usikipime kwa ujuzi wa kazi uliyoizoea. Chombo kikikuponyoka, sema kimeanguka, useme kabla hujaulizwa. Aibu ya asubuhi moja haijamuua mtu. Mola akupe mkono mtulivu na ulimi usiouogopa ukweli, na kila utakachokikaza kishike.

Fundi Athumani alifariki kabla sijamwambia kwamba ile ripoti niliiona. Nimefundisha vijana wengi kwa jina lake, na deni bado liko palepale.