Mabua Yangu na Macho Yao

Mume wangu anafanya kazi Kibaha, kwenye karakana ndogo inayopika mabua ya mahindi kwa mvuke ili sukari iliyojificha ndani yake itolewe na kugeuzwa spiriti ya majiko. Nyumbani kwetu Mzenga hurudi Jumamosi, na kila Jumamosi nilisikia habari za fundi mwenzake, mwanamke. Mara ana mkono mwepesi, mara ana akili nyingi. Nilimchukia kabla sijamwona.

Mabua yalipowaishia, nikajitolea kuwapelekea ya shambani kwangu. Mume wangu alishukuru sana. Hakujua kwamba nafuata jambo langu.

Yule mwanamke alipiga goti kidogo kunipokea.

"Shikamoo, dada."

Tunalingana umri kabisa. Nikaitikia marahaba, roho inaniuma.

Wakayakatakata mabua yangu, wakayajaza kwenye mtungi mnene wa chuma, wakafungulia mvuke. Kwa mazoea yangu ya jikoni nilidhani baadaye wataupunguza polepole. Kumbe unaachiwa ghafla, ili mabua yapasuke kutoka ndani. Kwa sababu ya kishindo hicho wote huvaa viziba masikio, hivyo hakuna anayemsemesha mwenzake. Wanaangaliana tu. Mume wangu aliikodolea geji inayopima nguvu ya mvuke. Yule mwanamke akamtupia jicho, mume wangu akainua kidevu kidogo, na mwanamke akavuta mpini wa kuuachia. Mlipuko ukanitikisa mpaka kifuani. Mabua yakatoka laini, ya kahawia, yananukia sukari guru iliyoungua.

Sikuyatazama sana. Nilikuwa namtazama mume wangu, mtu ambaye nyumbani nikimwambia alete maji lazima nirudie hadi nichoke. Hapa anaelewa kope za mwanamke mwingine. Afadhali ningewafumania wameshikana mikono, ningejua pa kuanzia ugomvi.

Jioni alinisindikiza mpaka Mlandizi kupanda gari la Mzenga. Nilitaka turudi wote, japo kwa usiku mmoja, na sikutaka kumwomba. Nilitaka ajue mwenyewe, kama anavyojua kule karakanani. Gari lilipofika nikamkazia macho, nikainua kidevu kidogo kuelekea mlangoni.

Akaniangalia kwa huruma.

"Shingo inakuuma?"

"Ndiyo," nikamwambia, nikapanda.