Kigari cha Makoti Mawili

Nimeishi miji mingi tangu wakati ule, na kila nikihama kuna kitu natupa. Utepe wa kupimia wa chuma sijautupa. Unanirudisha Farsta, kusini mwa Stockholm, katikati ya miaka ya sabini, kwenye chumba cha chini kabisa cha jengo letu. Wapenda pikipiki wa mtaa tulijichimbia humo hadi theluji iishe.

Wakati wa baridi hatukuendesha. Pikipiki zilifunguliwa, kila mtu akapanda na kipande nyumbani kwake. Mmoja alisugua tangi kwa msasa mbele ya televisheni. Mimi nilichemsha cheni ndani ya grisi, jikoni, katika sufuria kuukuu.

"Leo tunakula cheni?" mke wangu aliuliza.

"Nailainisha tu."

"Ikishalainika nipakulie, maana hata ugali unanuka gereji."

Alikuwa amekuja kutoka Tanga mwanzoni mwa baridi ile. Alinitania, lakini hakuwa na raha. Jua lilizama kabla sijatoka kazini, na mchana kutwa hakuwa na wa kuzungumza naye. Jioni moja akaniambia, taratibu, bila ugomvi wowote: "Nitakaa mpaka theluji iyeyuke. Nikiona bado siwezi, nitarudi kwetu. Usininunie."

Sikununa, ila usingizi uliniruka. Nilimwendea jirani wa ghorofa ya kwanza, Mswidi mrefu aliyependa pikipiki kuliko chakula. Nikamwambia nataka kuunda kigari cha pembeni, kile cha tairi moja kinachofungwa ubavuni mwa pikipiki, abiria akakaa humo amenyoosha miguu. Kupanda nyuma yangu mke wangu alishaapa hataki. Nilitaka autembelee mji ule angalau mara moja kabla hajaamua.

Tulimwita chini tumpime. Chumba kilikuwa cha baridi, akaja na koti lake, na juu yake koti langu. Tukamkalisha ndani ya boksi la friji. Jirani, ambaye nilikuwa nimemfundisha neno moja tu la Kiswahili, akamzungushia utepe.

"Shemeji!" akasema, kisha akaendelea kwa Kiswidi, nami nikatafsiri: asivute pumzi.

"Mwambie hapimi jeneza," mke wangu akajibu. "Na miguu nitaiweka wapi? Au nitaikunja kama kuku wa mnadani?"

Jirani alipoelezwa alicheka hadi akakaa juu ya matairi.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alishuka pamoja nami. Alileta chai ya tangawizi, akashona mto wa kiti, akamzomea jirani kila alipokunja bati vibaya. Jirani naye akaongeza neno la pili: "Pole." Lakini kuhusu kuondoka au kubaki mke wangu hakusema kitu, nami niliogopa kuuliza. Sanduku lake lilibaki kando ya kitanda, halijapandishwa juu ya kabati.

Theluji ikayeyuka, barabara zikakauka. Tulisukuma pikipiki nje na kigari chake kipya, chekundu. Mke wangu akaja na gauni jepesi na kanga mabegani, akaingia, tukaanza kwa kuzunguka uwanja wa mbele ya jengo. Kwenye kona ya kwanza aliteleza upande huu, ya pili akateleza ule, kama kiazi kimoja ndani ya kikapu.

Nilizima injini. Jirani, aliyekuwa akitutazama toka mlangoni, alishika kichwa. Tulikuwa tumempima mke wangu akiwa amevaa makoti mawili.

"Tutakipunguza," nikasema haraka haraka. "Nipe wiki hii tu."

Mke wangu aliingiza mikono kwenye nafasi iliyobaki, kulia na kushoto, akaipapasa.

"Msikiguse," akasema. "Baridi ikirudi nitavaa makoti yote mawili."

Nilipiga kiki, tukashika njia ya kwenda mtaa wa Skärholmen polepole, yeye ameshika kingo, akinigombeza kila kona.