Juisi Niliyoitikisa Ukweni

Nazikumbuka kwa hamu siku zile maduka ya Kilosa yalipoanza kujaa vitu vya ng'ambo, ingawa ndizo zilizonivua nguo. Nilikwenda kujitambulisha kwa kina Neema, mchumba wangu, na chupa ya juisi ya machungwa. Baba yake, mstaafu wa reli, akaisoma chupa, akauliza, "Mwalimu, hili neno 'dilute' maana yake nini?"

Sikulijua, lakini mwalimu mzima nitasemaje?

"Tikisa, mzee."

Nikatikisa kwa mbwembwe, nikawajazia glasi. Wazee wakanywa, nyuso zikakunjamana. Ndipo shangazi yake Neema, nesi kutoka Berega, alipoingia, naye akaisoma chupa, akaangua kicheko.

"Mwalimu, hii huongezwa maji!"

Neema akafunika uso kwa khanga. Mzee akanisogezea glasi yake.

"Haya, ongeza maji, mkwe wangu."