Walisema sauti ya mwanamke haifai kipaza sauti, kumbe walibadilisha resista zangu

Wakuu, hamjambo. Walionizidi umri shikamooni, ingawa nadhani mmebaki wachache. Mjukuu ndiye anayebofya simu, maneno ni yangu, na chumvi sitii.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa fundi kwenye karakana ya vipaza sauti kule Kwale. Mwanamke peke yangu.

Tukapewa kazi ya kutengeneza ukumbi ambao spika zake zilipiga yowe kila mtu akishika maiki. Dawa yake ni kuisogeza sauti juu kidogo sana, sikio lisijue, ili ikirudi kwenye maiki isijikute yenyewe.

Kwa hiyo unahitaji kisanduku cha phase shift. Kinatoa nakala mbili za sauti, moja nyuma ya nyingine kwa robo ya wimbi; kwa hizo mbili ndipo mtambo unaweza kuisogeza sauti. Na robo hiyo isibadilike, sauti iwe nene au nyembamba.

Hapo ndipo penye jasho. Robo hiyo hushikwa na resista, vile vidude vya kubana umeme, na ya dukani imeandikwa hivi, ukiipima yasema vingine. Nilipima moja moja wiki tatu, nyingine nikaziunga mbili mbili mpaka nikapata.

Msimamizi wetu akaona viungo vyangu si nadhifu. Akazing'oa resista zangu, akatia mpya za dukani. Hakuniambia.

Akajaribu kwa sauti yake nene. Safi.

Siku ya mkutano wa wananchi ukumbini humo, Mama Mwanakombo wa Bongwe akasimama kuwaombea wenzake kisima. Alipotoa salamu tu, spika zikapiga yowe. Watu wakaziba masikio, kisha wakacheka.

Msimamizi akamnyang'anya maiki, akasema mbele ya wote: "Sauti ya mwanamke haifai chombo hiki. Amtume mumewe."

Mama Mwanakombo alikuwa mjane. Akaketi, akajifunika uso kwa leso.



Watu walipotoka kwa sala ya adhuhuri nikafungua kisanduku. Resista si zangu; hizi zilishika robo kwa sauti nene tu, nyembamba ikaponyoka. Zangu nikazikuta kwenye mkoba wa vifaa wa msimamizi, zimetupwa pamoja na misumari. Nikazirudisha na kuzilehemu.

Aliporudi akaniuliza nani kanipa ruhusa. Nikamwambia, "Mwite mama azungumze, kisha unifukuze."

Akamwita, mama akazungumza. Sauti ikafika hadi uani, na kisima kikachimbwa kweli.

Lakini ripoti iliandikwa kuwa msimamizi ndiye aliyegundua hitilafu na kuirekebisha. Nilipomuuliza, akanijibu kwa upole kabisa ati ripoti huandikwa na mkubwa. Yule mjane hakuombwa radhi. Jamaa alistaafu kwa heshima zote, akafa. Mungu amrehemu, mimi bado.

Funzo langu: chombo kikimkataa mtu, pimeni chombo kwanza. Na kazi yako itaje kwa mdomo wako siku ile ile. Mimi nilinyamaza kwa adabu, na adabu ile haikunifaa kitu.

Haya, mafundi, na akina mama mlioambiwa sauti zenu hazifai, andikeni yenu. Mjukuu atanisomea.